Mkono Usioachia

Kijiti chetu kilikuwa kipande cha bomba la maji, kimekatwa kwa msumeno na kusuguliwa msasa kwenye ncha ili kisituchane viganja. Uwanja ulikuwa wa vumbi, njia zimechorwa kwa chokaa, na kona ya mwisho ilipita karibu na mwembe ambako wasichana wa shule ya jirani walikuwa wamekaa kivulini. Nautaja mwembe huo mapema kwa sababu nao una hatia yake ndogo katika kisa hiki. Ilikuwa mwaka 1987, michezo ya wilaya, mbio za kupokezana vijiti, mita 100 mara nne. Mimi nilikimbia zamu ya tatu. Zamu ya nne alikimbia rafiki yangu wa dawati moja.

Nilipokea tukiwa wa pili. Kwenye kona nikampita aliyekuwa mbele, na kelele zikapanda chini ya mwembe. Rafiki yangu aliondoka palepale tulipokubaliana, nilipofika kwenye jiwe tulilolipaka chokaa. Nikaita, "Mkono!" Akaunyoosha nyuma bila kugeuka, kiganja wazi. Nikakiweka kijiti, akakishika. Nami sikuachia. Ilikuwa nusu pumzi tu. Nilitaka zile kelele zinifuate hatua mbili zaidi. Akavuta, nikavuta, bomba likaruka, likagonga chokaa na kubingiria hadi njia ya wenzetu.

Watu waliona kijiti kikianguka miguuni pake. Mwalimu wa michezo akamfokea yeye, na tuliporudi nyuma ya lori jioni ile hakuna aliyemsemesha. Mimi nilipongezwa kwa ile kona.

Nimefundisha Shule ya Jumapili kwa miaka mingi, na mifano ya riadha naipenda kama alivyoipenda Mtume Paulo, aliyewaandikia Wakorintho juu ya mbio na taji linaloharibika akijua kwamba michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao. Lakini hicho kisa cha bomba sijawahi kukisimulia darasani. Nimetumia vya wengine, na vya wengine vipo tele.

Kinachonirudia zaidi ni cha Beijing. Tarehe 21 Agosti 2008, katika mchujo wa mita 100 mara nne, Marekani iliingia uwanjani na timu ambayo mtu asingethubutu kuidharau. Mkimbiaji wa mwisho upande wa wanaume alikuwa Tyson Gay, bingwa wa dunia wa mita 100 na mita 200 mwaka mmoja tu kabla. Darvis Patton alimfikia na kijiti, Gay akafumba kiganja, na ndani ya kiganja hakukuwa na kitu. Kijiti kilikuwa chini. Usiku uleule wakaja wanawake wa nchi hiyohiyo: Torri Edwards akimpa Lauryn Williams, zamu ileile ya tatu kwenda ya nne, na kijiti kikaanguka tena. Timu mbili za taifa lenye wakimbiaji wengi wa kasi kuliko mengine zikatolewa usiku mmoja, na hakuna aliyeteguka mguu wala kupitwa kwa kasi.

Mtu anaweza kusema ni bahati mbaya. Basi na ahesabu: wanaume wa Marekani walishinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizi mwaka 2000 kule Sydney, na tangu hapo hadi Paris 2024 hawajaipata tena. Mwaka 2016 kule Rio walivuka mstari wakiwa wa tatu, wakaanza kushangilia, kisha wakaambiwa matokeo yao yamefutwa kwa sababu Justin Gatlin alikigusa kijiti kutoka kwa Mike Rodgers kabla hakijaingia eneo la kupokezana. Mwaka 2024, Kenny Bednarek aliondoka mapema, Christian Coleman akabaki nyuma akimnyooshea kijiti, na walipofikiana walikuwa wamekwisha kutoka nje ya eneo. Mara hizo zote miguu haikuwa shida. Shida ilikuwa mikono.

Sheria ya mbio hizi ina jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui. Mwamuzi wa makabidhiano hatazami miguu, anatazama kijiti. Siku zile za Beijing eneo la kupokezana lilikuwa mita 20. Siku hizi ni 30. Mkimbiaji anaweza kuwa ameuvuka mstari kwa mwili wake, lakini kama kijiti kilikabidhiwa kingali ndani, mambo ni halali. Na anaweza kufika mwisho mbele ya wote, kifua kikiwa kimekata utepe, lakini kama mkono ni mtupu hajafika popote. Kinachoshindana pale ni kile kijiti, kisichozidi sentimita 30 na chenye uzito unaokaribia wa yai la kuku. Watu wanne ni njia yake tu ya kuuzunguka uwanja.

Wayunani wa kale walilielewa hili vizuri. Kule Athens walikuwa na mbio za mienge, na aliyefika na mwenge uliozimika alihesabiwa ameshindwa, hata kama alitangulia. Fikiria mtu huyo anafika anatweta, jasho linamtiririka, amewaacha wenzake mbali, na mkononi ana kijinga cheusi kinachofuka moshi. Nimekaa katika vikao vya maadhimisho ya miaka hamsini ya usharika, tumehesabu mabati, benchi, spika na madirisha ya vioo, nami nikamkumbuka huyo mkimbiaji. Kanisa lilikuwa zuri. Vijana wetu walikuwa wamesimama nje, wakisubiri chakula.

Katika waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya pili, kuna mstari ambao nadhani wanariadha wangeuelewa upesi kuliko sisi wazee wa kanisa. Paulo anamwambia Timotheo kwamba yale aliyoyasikia kwake awakabidhi watu waaminifu, watakaoweza kuwafundisha na wengine. Hesabu hapo: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Ni zamu nne. Mzee yumo gerezani, anaona mwisho wake unakaribia, na badala ya kusimulia kona alizowapita watu, anapanga mkimbiaji wa tatu na wa nne, ambao hata majina yao hayajui.

Sasa mtazame Yoshua. Yeye alipokea vizuri kuliko wote. Kitabu cha Hesabu kinaeleza jinsi Musa alivyoambiwa amwekee mikono mbele ya kuhani na mkutano wote, na kabla ya hapo alikuwa ametembea kando yake miaka na miaka, mlimani na hemani. Kazi yake aliimaliza kwa heshima, akazikwa, na wazee wa rika lake wakazikwa. Kisha kitabu cha Waamuzi kinasema kikainuka kizazi kingine kisichomjua Bwana wala matendo yake. Mimi huuliza wanafunzi wangu: kijiti Yoshua alimpa nani? Hupekua kurasa kwa bidii, maana huwaahidi soda atakayepata jina. Sijawahi kununua soda hiyo.

Kosa letu sisi naliona katika jambo la kasi. Kwenye makabidhiano mazuri hakuna aliyesimama. Anayepokea ameanza kukimbia kabla, na kwa hatua chache wanakuwa wawili wanaokwenda kwa mwendo mmoja, mkono mmoja ukitoa na mwingine ukipokea. Anayeondoka hageuki nyuma. Ameweka alama yake chini, mwenzake akiigusa yeye anaondoka, na mkono anaunyoosha kwa imani kabisa, maana hauoni unachopokea. Ule ustadi hauji siku ya mashindano. Ni jioni nyingi za watu walewale wawili wakirudia jambo moja mpaka wanachosha kuwatazama.

Kwetu sisi mmoja anasimama kabisa ndipo mwingine aanze. Mwenyekiti anashikilia mpaka apooze. Mwalimu wa kwaya hafundishi mwingine kupiga kinanda mpaka siku anapohamishwa kikazi, na Jumapili inayofuata tunaimba bila kinanda. Baba anamwachia mama kazi ya kuomba na watoto, mama anawaachia walimu wa Jumapili, na walimu wa Jumapili wana saa moja kwa wiki, ambayo nusu yake ni matangazo. Kijana anafika miaka 20 akiwa hajawahi kumwona baba yake amepiga magoti. Halafu siku ya mazishi ya baba tunamwita mbele, tunamkabidhi Biblia ya marehemu mbele ya jeneza, watu wanalia, na tunashangaa kwamba miezi sita baadaye haonekani kanisani. Alikuwa amesimama wima. Tulimrushia kijiti.

Sisemi makosa yote ni ya wazee, ingawa umri wangu ungetaka niseme hivyo kwa adabu. Wapo akina Bednarek pia. Kijana amesoma kozi ya uongozi ya wiki mbili, ana kipaza sauti na akaunti ya mtandaoni, na anaondoka kabla mzee hajafika kwenye alama. Akigeuka anakuta yuko peke yake mbele, anakimbia kwa kasi ya ajabu, na mkononi hana kitu alichopokea kwa mtu yeyote. Baadhi yao wana makanisa sasa. Mengine yana mahema makubwa.

Walionifundisha zaidi, kwa upande wa faraja, ni Wajapani. Mwaka 2016 kule Rio timu yao ya wanaume ilikuwa na Ryota Yamagata, Shota Iizuka, Yoshihide Kiryu na Aska Cambridge. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na muda rasmi wa mita 100 chini ya sekunde 10. Walikimbia sekunde 37.60 na kuchukua fedha nyuma ya Jamaica ya Usain Bolt, mbele ya watu ambao mmoja mmoja wangewaacha mbali. Siri yao haikuwa siri. Walikuwa wamefanya mazoezi mengi ya kupokezana, kwa mtindo wao wa kukipeleka kijiti kutoka chini kwenda juu, ili anayepokea asilazimike kuinua mkono sana na kupoteza mwendo. Usharika wa watu wa kawaida wanaojua kupokezana utafika mbele ya usharika wa masupastaa. Nimeuona mmoja, kijijini, hauna hata umeme, na kila mtoto wa kipaimara pale ana mzee anayejua jina lake na majina ya mbuzi wake.

Jamaica nayo ina somo lake, na ni chungu. Kule Beijing, Nesta Carter, Michael Frater, Usain Bolt na Asafa Powell walikimbia sekunde 37.10, rekodi ya dunia, na wakavikwa dhahabu. Miaka minane baadaye sampuli zilizohifadhiwa zikapimwa upya, na ya Carter ikakutwa na kichangamshi kilichopigwa marufuku. Januari 2017 timu nzima ikanyang'anywa. Bolt, ambaye yeye hakukutwa na kosa, alikuwa na dhahabu tisa za Olimpiki, akabaki na nane. Dhahabu ikaenda Trinidad na Tobago. Huyo Tyson Gay niliyemtaja naye aliwapotezea wenzake fedha ya London 2012 kwa njia hiyohiyo.

Nikisimulia hili darasani, watoto huona Bolt ameonewa. Wakubwa nao huona hivyo, na hutikisa vichwa wakifika kwa Akani, yule wa Yoshua sura ya saba, aliyefukia vazi, fedha na kabari ya dhahabu chini ya hema lake, na watu thelathini na sita wakafa kule Ai bila kujua kilichofukiwa. Sisi tumelelewa na imani ya sasa kwamba dhambi ya mtu ni yake na chumba chake. Lakini hakuna medali ya robo timu. Nilikuwa katika kamati moja ya ujenzi ambapo stakabadhi za saruji zilikuwa nzuri kuliko saruji yenyewe. Aliyefanya hivyo alikuwa mmoja. Mpaka leo ukipita na bahasha ya changizo mitaa ile, wanakuangalia wewe.

Ili nisionekane naona mabaya tu, nitaje jambo la karibu na kwetu. Mwaka 1968 kule Mexico, Kenya ilipata fedha katika mita 400 mara nne. Walikuwa Daniel Rudisha, Hezekiah Nyamau, Naftali Bon na Charles Asati. Miaka minne baadaye kule Munich, Asati na Nyamau wakiwa bado kwenye timu, wakaongezwa Robert Ouko na Julius Sang, na safari hii ikawa dhahabu. Wawili wakongwe, wawili wapya, ndani ya timu moja. Na yule Daniel Rudisha ambaye hakuwamo Munich, alikuwa na mtoto aitwaye David. Mwaka 2012 kule London David alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akavunja rekodi ya dunia. Rekodi hiyo haina kijiti, ni mbio za mtu mmoja. Bado mimi nikimtazama akitoka kwenye ile kona ya mwisho naona mkono wa mtu mwingine umetangulia.

Lakini nilitaka kufika kwa Lauryn Williams, maana ndiye aliyenifanya niandike. Huyu dada alikuwa amekwisha kuonja: mwaka 2004 kule Athens, katika fainali, makabidhiano kati ya Marion Jones na yeye yalishindikana na timu ikatolewa. Miaka minne anabeba hilo, anafika Beijing, na makabidhiano yanashindikana tena, safari hii kijiti kikianguka. Wengine wote wamekwisha kupita. Mashindano yameisha. Picha zinaonyesha alichofanya: aligeuka, akarudi, akakiokota, akakimbia mpaka mwisho, peke yake, wa mwisho kabisa. Sheria haikumdai chochote. Mwaka 2012 kule London alipewa zamu ya mwisho katika mchujo, akakifikisha, na siku iliyofuata wenzake wakashinda fainali kwa sekunde 40.82, rekodi ya dunia. Naye akapata medali ya dhahabu.

Niliangalia marudio ya mbio ile ya Beijing kwenye simu ya mwanangu, miaka mingi baada ya kutokea. Alipogeuka kwenda kuokota, niliiweka simu mezani.

Mwaka jana nilimtafuta rafiki yangu wa dawati moja. Anaishi Mwanza, ana duka la vifaa vya ujenzi, na namba yake niliipata kwa mtu aliyesoma nasi. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, tukahesabu waliotangulia mbele ya haki. Kisha nikamwambia nataka kuungama jambo la mwaka 1987. Akacheka kabla sijamaliza.

"Ile mbio?" akasema. "Ndugu yangu, mimi nilikuwa najua tangu siku ile. Nilikishika vizuri kabisa. Wewe ulikuwa hujaachia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, nyuma ya lori, wakati wote wamemgeuzia mgongo. Akanyamaza kidogo. Akasema alikuwa anasubiri niseme mimi. Halafu akaniuliza kama huku kwetu saruji imepanda bei.

Sasa niseme la mwisho, ambalo mke wangu amelisubiri kwa muda mrefu. Nilikuwa mtunza hazina wa usharika kwa miaka kumi na minne. Kila uchaguzi nilisema safari hii napumzika, na kila uchaguzi nilihakikisha, kwa njia za kistaarabu sana, kwamba hakuna mwingine anayejua daftari linavyosomeka. Kulikuwa na safu niliyoiandika kwa vifupisho vyangu mwenyewe. Binti mmoja, mhasibu, aliniomba mara mbili nimwelekeze. Mara zote mbili nilimwambia, "Subiri, mwanangu, mambo haya yanataka utulivu."

Baada ya ile simu nilimwita. Tulikaa ofisini kwa mchungaji kila Jumamosi kwa miezi mitatu, yeye akiandika, mimi nikisoma. Kisha yeye akisoma, mimi nikiandika. Vifupisho vyangu vilimchekesha. Mwezi wa pili alikuwa anakwenda kasi kuliko mimi, na nikajikuta naharakisha ili tusiachane.

Jumapili ya makabidhiano tulisimama mbele ya madhabahu, mchungaji katikati, washarika wamesimama. Nililinyoosha daftari. Binti akalishika kwa mikono miwili, akainama kidogo kwa heshima. Kwaya ikaanza kuimba, watu wakapiga makofi, na makofi yale yalikuwa mazuri sana. Nikasimama palepale nikiyasikiliza.

"Mzee," akaninong'oneza, akitabasamu, "achia basi."